Usiseme Hita Imekufa Kabla Hujaigusa

Neema na Patrick, sasa mnabaki na gari la kazi, ngazi, masanduku ya spana na wateja wangu wote, pamoja na yule bwana wa mji wa Katy anayepiga simu kabla hajatazama kama swichi iko juu au chini. Siku ile ya keki ya kuniaga mlinitaka niseme maneno machache. Nilikataa, kwa sababu mtu aliyeshika kisahani cha keki husema mambo matamu asiyoyaamini. Leo nimekaa mezani kwangu, bega la kulia nimelifunga kitambaa cha moto, na nitasema ninachokiamini.

Sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Anayezitaka atafute waliofanikiwa.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne, Morogoro. Mume wangu alikuja Dallas kusoma, nami nikamfuata na mtoto. Alisoma, akamaliza, akapata mke mwingine. Hiyo ni habari yake, aiandike yeye. Mimi na binti yangu Rehema tukabaki mtaa wa Vickery Meadow, ghorofa ya pili, tukitenganishwa na ukuta tu na jirani Mkongo aliyekuwa na gari. Asubuhi alitubeba wanne mpaka mji wa jirani wa Euless. Wenzangu walishuka kwenye maghala karibu na uwanja wa ndege, mimi nikashuka kwenye yadi ya RV.

Ninyi mnazijua, lakini huenda haya yakasomwa na mtu asiyezijua. RV ni nyumba ya magurudumu. Ina kitanda, jiko, choo na bafu, na ama ina injini yake ama huvutwa na gari. Wamarekani huenda nazo likizo, na wengine huishi humo mwaka mzima. Yadi yetu ilizikodisha na kuzitengeneza. Kazi yangu ilikuwa kuziosha zikirudi, na naomba mniamini kwamba likizo ya watu huacha mambo mengi kwenye zulia.

Fundi mkuu alikuwa Dwayne, mzee wa Kiteksasi mwenye sikio moja lisilosikia. Kwa sababu hiyo alimpigia kelele kila mtu kwa usawa, mwenye yadi na mwosha magari. Siku moja msaidizi wake hakutokea kazini. Dwayne akaniona na ndoo yangu.

"Wewe, mwalimu," akasema. "Unaogopa maji?"

"Naogopa watoto wa darasa la nne," nikamjibu. "Maji hapana."

Akanipeleka ubavuni mwa trela moja, akafungua kijilango cha bati. Ndani mlikuwa na hita ya maji, tangi la chuma lenye kichomeo cha gesi. Chini yake kulikuwa na kichwa cha boliti kubwa. Akaniambia kwamba ile si boliti tu. Nyuma ya kichwa kile kuna fimbo ya anodi, urefu wa shibiri, ya metali laini. Maji huila fimbo ile kabla ya kulila tangi. Fimbo ikiisha na isipobadilishwa, maji huanza kulila tangi lenyewe.

Alifunga gesi, akazima umeme na pampu, akafungua vali ya juu mpaka hewa ikaacha kupiga mluzi. Kisha akakaza spana na kuanza kulegeza. Mimi nikasogea pembeni. Maji yakaruka kama yametemwa, yakalowesha mahali nilipokuwa nimesimama.

"Nani alikwambia usogee?" akauliza.

"Hakuna. Ulikunja uso kama mtoto anayetaka kumwagia mwenzake maji."

Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo msaidizi wake akawa mimi, na ndoo wakapewa wengine.

Dwayne alikuwa na hotuba moja aliyoipenda. Alisema fimbo ile ni kama mama, inakubali kuliwa ili watoto wake waishi. Aliwaambia wateja wote hivyo, na wateja wa kike walikuwa wakishika vifua vyao. Nilivumilia kwa muda. Siku moja, tukiwa tumelala ubavu kwa ubavu chini ya trela, akaianza tena. Nikamwambia, "Dwayne, mimi ni mama. Sikuvuka bahari kuja kuliwa. Fimbo ni kitu cha dukani, ikiisha unanunua nyingine." Akageuza sikio lake zima upande wangu, akaniomba nirudie. Nilirudia. Hotuba ile sikuisikia tena, angalau si mbele yangu. Nanyi mkiisikia popote, kanisani, msikitini au kwenye mkutano wa wazazi, mna ruhusa yangu kuikatiza.

Aliyonifundisha mengine niliyashika bila ubishi. Usifungue tangi la moto. Zungushia hesi za fimbo mpya, ile mikunjo ya kukazia, utepe mweupe, uelekeo wa kukaza, si kinyume. Anza kuiingiza kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, itoe uanze upya, kwa maana spana haina huruma na hesi. Usiwashe umeme mpaka bomba la maji ya moto limwage maji mfululizo bila kukohoa, la sivyo utaunguza elementi, ule waya wa umeme wa kuchemshia, kwenye tangi tupu. Na kabla ya yote, ujue tangi ni la nini. Yapo matangi ya alumini yasiyohitaji fimbo kabisa, yana kizibo cha plastiki tu. Nimewahi kuletewa tangi la namna hiyo ambalo mtu alilisukumia fimbo kwa nguvu na kuziua hesi zake zote. Mwenye nalo alisema aliona kwenye video. Siku hizi kila uharibifu una video yake.

Watu wetu hawakuipenda kazi yangu. Kwenye sherehe moja ya ubarikio, dada mmoja tuliyetoka naye mkoa mmoja alinivuta kando, amevaa vizuri, ananukia vizuri, ana nia njema.

"Dada yangu, mwalimu mzima," akasema, "unalala chini ya magari ya watu?"

"Silali, dada. Nalala kwangu. Kule nafanya kazi."

"Lakini ungesomea hata unesi."

"Wauguzi mpo wengi na mnafanya vizuri. Wa kule chini ya trela niko peke yangu."

Rehema, ambaye tayari alikuwa akinijibu kila kitu kwa Kiingereza, alinishauri nikiulizwa niseme niko kwenye mambo ya utalii. Nilimwambia nikiulizwa nitaonyesha kucha zangu zenye grisi.

Dwayne aliondoka kazini magoti yalipomshinda. Siku ya mwisho alinipa mpini wake mrefu wa spana, umefungwa kwenye taulo. Alisema amechoka kuubeba. Kwa Mteksasi wa aina yake, hiyo ilikuwa barua nzima ya mapenzi na heshima.

Kampuni ikafungua yadi nyingine Houston. Rehema alikuwa anakwenda kusoma huko, nami nikaomba kuhama. Tulipanga karibu na mtaa wa Gulfton. Meneja wa Houston alikuwa kijana mpole. Hakuwahi kupaza sauti, na hakuwahi kulala chini ya trela. Alikuwa na kanuni moja aliyoitangaza wiki ya kwanza: ukikuta hita ya zamani na fimbo haisogei ukijaribu mara ya kwanza, mwambie mteja hita imekufa, piga simu ofisini, ondoka.

"Na kama haijafa?" nikamuuliza mbele ya wenzangu.

"Mwalimu, ikipasuka mikononi mwako hasara ni yetu. Ikifa yenyewe ni yao."

Hoja ile ilikuwa na akili, siwezi kuikataa. Lakini akili na haki hazikuzaliwa tumbo moja. Wenzangu walitazama viatu vyao. Nami, kwa muda, nilibahatika, maana kila fimbo niliyoigusa ilisogea mara ya kwanza. Au tuseme nilikuwa na tafsiri pana ya maneno mara ya kwanza.

Sasa niwasimulie habari ya Mama Furaha. Mnamjua kama mteja, mama wa vitenge vya rangi kali anayewalisha sambusa mkienda kwake. Hamjui tulianzaje.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Nilitumwa kwenye kiwanja kimoja cha RV pembezoni mwa jiji, kwenye trela ya zamani ambayo maji yake ya moto yalitoka ya kahawia na kunuka yai viza. Nilipogonga, mwanamke akafungua akiwa bado amevaa sare ya nyumba ya kutunzia wazee. Alinitazama usoni, akatazama jina kwenye shati langu, lile lile la Mwalimu, akaacha Kiingereza.

"Eh, wewe ni Mutanzania?"

"Ndiyo, mama. Wa Morogoro."

"Basi ingia. Mimi ni wa Uvira. Nimekula ugali ya Tanzania miaka mingi, kule kambini Kigoma. Mulinifundisha kusimama foleni."

Alinionyesha bomba, tukayanusa maji pamoja, tukakubaliana. Akanieleza mengine tukitoka nje. Alikuwa akikaa Gulfton na watoto wake, kwenye ghorofa ambayo dari ilivuja kila mvua iliponyesha, na ofisi ikawaambia wasubiri. Alipata trela hii kwa familia ya mzee mmoja aliyemtunza mpaka akafariki. Watu wa kanisa lake walimcheka.

"Banasema nilitoka kwa hema, nimerudi kwa hema," akasema. "Nikabaambia, ile hema ilikuwa ya wenye kambi. Hii ni yangu mimi."

"Umewajibu vizuri."

"Nimebajibu, lakini sasa angalia."

Kiwanja kilikuwa kimenunuliwa na watu wapya. Hawakutaka trela za zamani, maana ziliharibu sura ya mahali. Hawakuweza kuzifukuza zote kwa mara moja, basi wakatangaza ukaguzi. Trela isiyokuwa na umeme salama, choo kizima na maji ya moto ingehesabiwa haifai kukaliwa na watu, na ingeondoka. Umeme wake ulikuwa mzima na choo kizima. Mkaguzi angekuja Jumatatu asubuhi kutazama maji.

Nikafungua kijilango. Kichwa cha fimbo kilikuwa kimegeuka donge la kutu, na chokaa nyeupe imekizunguka kama ukoko wa wali. Nikafunga gesi, umeme na maji, nikafungua vali, nikatoa boksi spana ya pembe sita na mpini wa kawaida. Nikavuta. Trela yote ikayumba, fimbo haikusogea.

Nilipiga simu ofisini kama kanuni ilivyotaka.

"Imesogea?" meneja akauliza.

"Bado."

"Basi imekufa. Mwambie tutaagiza mpya."

"Mpya itafika lini?"

"Wiki tatu hivi. Labda nne, kwa modeli hiyo."

"Ana mpaka Jumatatu. Wanaweza kumtoa hapa."

"Hilo liko kati yake na wenye kiwanja, Mwalimu. Sisi hatumo. Rudi, nina kazi nyingine ya kukupa."

Aliniaga kwa upole. Nikabaki nimeshika simu. Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu, na ingawa mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza, aliyaelewa yote.

"Anasema imekufa?"

"Anasema."

"Yeye aliiona wapi?"

Nikaketi kwenye kizingiti cha trela yake, nikamweleza kama ninavyomweleza mzazi kuhusu mtoto wake, bila kupamba. Nilimwambia fimbo imeshikwa na kutu. Naweza kuilazimisha. Ikitoka na tangi likawa zima, atapata maji ya moto leo hii. Lakini tangi ni la zamani, na kutu iliyoonekana nje huenda iko na ndani. Nikilazimisha, hesi zinaweza kuvunjika au chuma kikapasuka, na hapo hatakuwa na maji ya moto, wala tangi, wala la kumwambia mkaguzi.

"Na kama hulazimishe?" akauliza.

"Jumatatu mkaguzi atafungua bomba, atakuta maji baridi yanayonuka."

"Donc, ni kusema, kama unavunja, natoka. Kama huvunje, natoka vilevile."

"Ndivyo ilivyo."

Alitazama trela yake kuanzia mbele mpaka nyuma. Kando ya mlango alikuwa amepanda lengalenga, mchicha wa kwao, kwenye ndoo za rangi, na viatu vya shule vya watoto vilikuwa vimeanikwa juu ya tairi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimetoka kwa nyumba nyingi juu watu walisema toka. Uvira walisema toka, nikatoka. Sijawahi kutoka juu ya boliti. Geuza."

Nikaenda garini nikachukua mpini wa Dwayne.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Nilikwangua chokaa kwa brashi ya waya mpaka kona za kichwa zikaonekana. Spana ikikaa juu ya uchafu, huteleza na kuzisaga kona za kichwa, na kichwa kikishakuwa cha mviringo umekwisha. Nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu pembeni yote. Kisha tukasubiri. Kusubiri ni kazi, ingawa hakuna mteja anayependa kukuona ukiifanya. Tukanywa chai yake ya tangawizi. Nikapulizia tena. Nikachukua nyundo nikagonga kichwa cha fimbo, mapigo mafupi, si ya hasira. Mtikisiko huipasua kutu na mafuta hupata njia.

Tulipokuwa katika kugonga, simu ikalia.

"Umeshatoka?" meneja akauliza.

"Nimeshaigusa."

"Nilisema urudi."

"Nilikusikia. Na nimeigusa. Sasa mikono yangu ina mafuta, nitakupigia."

Nikaiweka simu kwenye ndoo ya lengalenga.

Nikaingiza mpini mrefu. Dwayne alinifundisha kwamba fimbo iliyokwama huanzi kwa kuilegeza. Unaikaza kwanza, kidogo mno, upana wa kucha, ili kutu ishtuke. Nikakaza. Haikujibu. Nikageuza upande wa kulegeza nikavuta kwa uzito wangu wote. Haikujibu. Bega langu, hili hili, likatoa mlio ambao bado nausikia majira ya baridi.

"Kuna bomba la chuma hapa?" nikamuuliza.

Akaleta bomba ambalo mtoto wake alilitumia kuning'inizia nguo. Nikalivalisha kwenye mpini, ukawa mrefu mara mbili. Lakini sasa spana ilitaka kuchomoka kwenye kichwa, na mtu mmoja hawezi kuishikilia na kuvuta kwa wakati mmoja.

"Niambie nifanye nini," akasema.

"Piga magoti hapa. Shika spana kwa mikono miwili, isukume ndani, usiiache iinuke hata kidogo. Ikiteleza, ondoa uso."

"Nimegeuza wazee wa kilo mia kwa kitanda," akasema akipiga magoti na sare yake. "Vuta."

Nikavuta. Nilihisi bomba linapinda. Nikamwambia, kama unahisi chochote kinapasuka, sema. Akasema vuta, Mwalimu. Nikavuta tena, na kikatoka kishindo kikavu kama cha bunduki ya mbali. Sote tuliganda. Nilidhani ni tangi. Yeye naye alidhani hivyo, niliona macho yake. Nikainama na tochi, nikatazama pembeni mwa kichwa. Ule ukoko wa kutu ulikuwa na mstari mpya, mwembamba kama unywele, kuzunguka mviringo wote. Fimbo ilikuwa imesogea.

Tukaitoa polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo, mafuta juu ya mafuta. Ilipotoka, haikuwa fimbo tena. Ulikuwa waya mtupu, umekonda kama mwiba wa samaki. Nyuma yake yakafuata maji ya rangi ya chai iliyolala, kisha vipande vya chokaa na mchanga wa kutu. Nikaingiza mpira mwembamba wa maji, nikasuuza mpaka yakatoka meupe. Nikamulika hesi za tangi. Zilikuwa na makovu, lakini zilikuwapo.

Fimbo mpya niliianza kwa vidole vyangu. Ikashika. Ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, bila kugoma. Hapo ndipo nilipoanza kupumua kama watu. Nikaimalizia kwa spana, nikarudisha maji, nikamtuma ndani afungue bomba la moto. Likakohoa, likatema hewa, kisha likatulia. Nikaweka karatasi ya tishu chini ya tangi na tukaketi tukiitazama kama tunaangalia mechi. Karatasi ilibaki kavu. Nikawasha gesi.

Yalipopata moto aliweka kidole, akakiondoa haraka, akafunga bomba.

"Mbona umefunga? Acha yatoke," nikamwambia.

"Hapana. Hii ni ya mukaguzi."

Jumatatu nilipaswa kuwa ofisini asubuhi, kwa maana meneja alinitaka. Nilipitia kwanza kwa Mama Furaha. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye kishikwambi, hakuwa na ubaya wowote usoni. Alifungua bomba, akaweka mkono, akauondoa upesi kuliko alivyotaka. Akanusa. Akaandika. Kisha akauliza trela ni ya mwaka gani.

"Tangazo yenu ilisema umeme, choo na maji," Mama Furaha akamwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Hayo matatu umeona. Miaka yangu na ya trela haikuandikwa."

Kijana akatazama kishikwambi chake, akasema ni kweli, akaenda trela ya pili.

Ofisini meneja alifunga mlango tukabaki wawili. Hakunipigia kelele, nampa haki yake.

"Ulinisikia kwenye simu?"

"Vizuri sana."

"Lile tangi lingepasuka, tungelilipa sisi. Ulibahatika, Mwalimu."

"Nilibahatika," nikasema. "Lakini hata kama lingepasuka, wewe ungekuwa umekosea. Ulisema limekufa na hujaliona."

Akaniuliza kama nikikuta hita nyingine ya namna ile nitafuata kanuni. Alikuwa ananifungulia mlango wa kurudi, na niliuona. Nilikuwa na kodi, nilikuwa na mtoto chuoni, na umri ambao watu hawakuajiri kwa furaha. Nilimwambia nitaigusa. Akanyoosha mkono nikampa funguo za gari lao. Mpini wa Dwayne niliutoa kwenye sanduku kwanza. Akasema zana ni za kampuni. Nikamwambia huu si wa kampuni, na kama anataka kuninyang'anya, mkono wangu ni huu. Hakutaka.

Nilitoka pale nikaachwa na mabasi mawili nikiwa nimekaa kituoni, msidhani nilitembea kama askari. Rehema alinikuta jioni nimekaa gizani, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, kitu alichokuwa hajafanya kwa muda mrefu. "Sasa mama, ukiulizwa unafanya kazi gani, sema una kampuni." Tulicheka, lakini wiki ile ile aliniandikia tangazo, na Mama Furaha akalipeleka kanisani kwake, kwa wale wale waliomcheka. Wengi wao hawana RV. Ila kila mmoja anamjua Mmarekani mmoja mwenye nayo.

Ndivyo mlivyonikuta, na ndivyo gari hili lilivyopatikana.

Wenye kiwanja hawakuchoka. Baada ya muda walibadili kanuni, wakaandika miaka kweli kweli, na trela za zamani zote zikapewa taarifa ya kuondoka. Majirani wa Mama Furaha walivutwa mmoja baada ya mwingine na magari ya kuvuta, wengine wakiwa kazini. Yeye alikuwa ameshapatana na familia mbili za kanisani kuhusu kipande cha ardhi kaskazini ya mji. Alinipigia simu Jumamosi moja, siku nyingi kabla ya mwisho waliompa.

"Njoo," akasema. "Hakuna kitu imeharibika. Njoo tu kuona."

Nilimkuta ameshaoga kwa maji ya moto, amevaa kitenge cha Pasaka, watoto wamechanwa nywele. Binamu yake alikuwa ameunganisha trela kwenye gari lake kubwa. Ndoo za lengalenga zilikuwa ndani, zimefungwa kamba zisianguke. Walipofika mbele ya ofisi ya kiwanja akamwambia binamu asimame. Akashuka, akaingia na ufunguo wa geti, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Msichana wa mapokezi akauliza kama ana malalamiko yoyote.

"Hapana," Mama Furaha akasema. "Nimekuja kusema natoka. Hamukunitoa. Natoka mwenyewe."

Akauweka ufunguo mezani, akarudi garini, wakashika barabara polepole, trela ikiyumba nyuma yao kama mama mnene anayejua watu wanamtazama.

Yuko kule mpaka leo, na ndiye mteja wenu wa kwanza wiki ijayo. Maji yao ni ya kisima, yanakula fimbo haraka, kwa hiyo bebeni mbili. Tangi ni lile lile. Mkimwambia limekufa, atawanyang'anya sambusa na kubadilisha fimbo mwenyewe.